Msitu Ukijiotea Wenyewe: Jinsi ya Kutengeneza Njia ya Matembezi Katika Msitu wa Kakamega

Tangu serikali itangaze mwishoni mwa 2022 kwamba Kenya itakuza miti bilioni 15 kufikia 2032, karibu kila kikundi cha mazingira kina picha ya watu wameinama juu ya mche. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya taifa ya kupanda miti. Sina ugomvi na miche. Ila mtu akitoka Khayega, akapita Shinyalu na kuingia msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, upande wa Isecheno, atapita chini ya miti mingi ambayo haikupandwa na mtu yeyote, mahali ambapo wazee wanakumbuka palikuwa malisho au mashimo ya kupasulia mbao. Msitu ulirudi kwa sababu uliachwa, na kwa sababu ndege, popo na nyani walifanya kazi yao.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya vijana, klabu za mazingira za shule na vyama vya jamii vya msitu vinavyotaka kutengeneza njia fupi ya miguu, ambayo mgeni akiitembea kwa saa mbili hivi ataona msitu ulioumizwa unavyojirudisha, kuanzia jeraha bichi hadi msitu mkongwe. Kanuni moja inatawala mengine yote: kwenye njia hii hampandi mti hata mmoja. Mkipanda, mgeni hatajua tena mti upi ni wenu na upi ni wa msitu.

1. Ruhusa kwanza, panga baadaye

Msitu wa Kakamega una wasimamizi wawili. Upande wa kusini, pamoja na Isecheno na Yala, uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Upande wa kaskazini, yaani Buyangu na kipande cha Kisere, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ulizeni kwanza mko upande gani, maana masharti hayafanani. Kusini watu huruhusiwa kwa utaratibu kuokota kuni na kulisha ng'ombe, kaskazini hairuhusiwi.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inazipa jamii nafasi ya kushiriki usimamizi kupitia vyama vya jamii vya msitu. Kikundi kidogo kikienda peke yake kwa mkuu wa kituo cha msitu kitazungushwa. Piteni kwenye chama, mwandike barua ya ukurasa mmoja inayosema njia itapita wapi, itakuwa na urefu gani, nani ataitunza, na fedha za wageni zitagawanywaje. Hilo la fedha liandikwe mapema, kabla hazijaanza kuingia. Msifyeke hata mita moja kabla ya jibu la maandishi.

Ombeni kutumia vijia vilivyopo tayari. Msitu umejaa njia za kuni, za ng'ombe na za watafiti, na kila njia mpya ni jeraha jipya.

2. Jueni kilichotokea mahali, na lini

Hapa ndipo vikundi vingi hulegea, nami nadhani ndiyo kazi yenyewe. Kibao kinachosema "msitu unaojirudisha" bila kusema ulifanywa nini na mwaka gani hakimfundishi mtu chochote.

Anzeni na tarehe zinazojulikana. Mapema miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa Kakamega, wachimbaji wakamiminika. Kilima cha Lirhanda bado kina handaki la wakati huo, na leo popo ndio wapangaji wake. Mwaka 1933 msitu ulitangazwa rasmi kuwa msitu uliohifadhiwa. Mwaka 1967 maeneo ya Isecheno na Yala yalitengwa kama hifadhi za asili. Kuanzia 1986 kukaanzishwa kanda za chai za Nyayo pembezoni mwa misitu ili kuweka mpaka kati ya shamba na msitu. Kila tarehe kati ya hizi huacha alama ardhini mkijua pa kutazama.

Kisha waendeeni wazee. Msimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Muulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, kama njaa ya 1984 ilikuwa imefika, kama mvua za El Nino za 1997 ziliikuta miti tayari, au kama mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza shule. Ulizeni akina mama waliookota kuni hapo wakiwa wasichana. Wao hujua mti uliokauka na mti uliokatwa. Wazee wawili wasipokubaliana, andikeni majibu yote mawili.

Mwisho, tazameni picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi yeyote wa chuo anayejua ramani za kompyuta anaweza kuwapatia picha za eneo lenu kwa miaka tofauti na mkazichapisha mjini. Mzee akisema malisho yalikuwa hapa na picha ya zamani ikaonyesha uwazi hapo hapo, mmepata kituo.

3. Chagueni vituo

Saba au nane vinatosha. Vipangeni kwa umri wa jeraha kadiri ardhi inavyoruhusu, kutoka jipya hadi la kale. Hivi ndivyo vituo ambavyo mimi nisingekosa kuvitafuta Kakamega.

*Pengo la mti ulioanguka.* Mti mkubwa ukianguka kwa upepo au uzee hufungua dari ya msitu, na jua hufika chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mambo mawili hutokea pamoja. Miche iliyokuwa imedumaa kivulini, labda kwa miaka, huanza kukimbilia juu. Na mbegu zilizolala udongoni za miti ipendayo jua huamka kwa mwanga na joto. Mwonyesheni mgeni shimo lililoachwa na mizizi na kifusi kando yake, kwa kuwa udongo uliopinduliwa hupata mimea tofauti na ule ambao haukuguswa. Jeraha hili halina mkosaji, na ni vizuri mgeni aanze nalo, ajue kwamba msitu uliozoea kuanguka umejifunza pia kuinuka.

*Malisho yaliyoachwa.* Nyasi nene ni adui mkubwa wa mche mdogo: huunyima mwanga, na kiangazi hushika moto. Ng'ombe wakiondoka na moto ukikoma, vichaka huingia, kisha miti tangulizi, yaani ile inayotangulia kuota penye jua. Tafuteni Harungana: majani yake yana rangi ya kutu upande wa chini, na ukivunja jani utomvu wa rangi ya chungwa hutoka. Vunjeni moja tu, kwa ajili ya kuonyesha. Jirani yake mara nyingi ni musutsu, ambao majani yake makuukuu hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kudondoka, hivyo hata mtoto huutambua kwa mbali.

*Kichaka cha mipera.* Msikikwepe kituo hiki, ingawa wahifadhi wengi hukiona aibu. Mpera ni mgeni kutoka bara la Amerika na umeenea kandokando ya msitu wote. Watafiti waliochunguza mipera kwenye mashamba yanayopakana na Kakamega walikuta miche mingi ya miti ya msitu chini yake. Sababu ni tumbo. Ndege na nyani huja kula mapera, na wakiwa wametua wanaangusha mbegu walizozila msituni. Mti wa kigeni, basi, unageuka kituo cha matatu cha mbegu za kienyeji. Mwambieni mgeni apige magoti achunguze chini badala ya kutazama juu.

*Paini na saiprasi.* Sehemu za msitu zilikatwa zamani zikapandwa miti ya mbao ya kigeni. Pale ambapo haikuvunwa kwa muda mrefu, chini yake kumeota miti ya kienyeji. Kivuli chepesi cha paini huzima nyasi, na ndege hutua matawini. Mgeni asimame mahali anapoweza kuona mistari iliyonyooka ya paini pamoja na fujo ya miche ya kienyeji katikati yake. Hapa hakuna haja ya maneno mengi.

*Msitu wa makamo.* Hapa mtakuta mutere, mti wenye mbao nyepesi unaokua haraka na ambao matunda yake hupendwa na hondohondo, pamoja na musine na wenzake. Mpeni mgeni kazi: atafute mche wa musutsu chini ya musutsu mkubwa. Atahangaika. Miti tangulizi haivumilii kivuli cha wazazi wake, kwa hiyo kizazi kinachofuata chini yake ni cha ukoo mwingine kabisa. Atakachokiona ni miti inayovumilia kivuli, kama ule wenye utomvu mweupe na mbegu za nywele laini zinazopeperushwa na upepo, ambao wataalamu huuita Funtumia. Kituo hiki ndicho moyo wa njia yote. Mgeni akikielewa, ameelewa kwa nini msitu hubadilika hata pasipo mtu kuugusa.

*Kisiki na shimo la mbao.* Wapasuaji mbao wa zamani walichimba shimo, wakalaza gogo juu yake, mmoja akasimama chini na mwenzake juu na msumeno katikati. Mashimo hayo bado yapo. Karibu nayo tafuteni kisiki kilichochipua, maana miti mingi hurudi kwa machipukizi bila kungoja mbegu. Mkipata mwiritsa uliobanduliwa gome, uwekeni kwenye njia. Gome lake hutafutwa kwa dawa hapa na ng'ambo, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Gome lililochunwa upande mmoja huweza kuziba; mti uliochunwa pande zote kuzunguka shina hufa umesimama. Kama mna mifano yote miwili, iwekeni pamoja.

*Msitu mkongwe.* Mizizi mipana kama kuta, miti ya jamii ya mtini iliyoanzia juu ya mti mwingine kisha ikaukumbatia hadi kuumaliza, magogo yanayooza, na miti ya kila umri kwa pamoja. Nyamazeni dakika chache hapa. Kima na mbega wakiwepo, mtawasikia kabla ya kuwaona.

*Mahali palipokataa kurudi.* Njia isiyo na kituo hiki inadanganya. Kuna nyasi wazi ndani ya Kakamega ambazo haziwi msitu kwa sababu ng'ombe huja kila siku na moto kila kiangazi. Kuna pia vichaka vya lantana vilivyosongamana hivi kwamba mche haupenyi. Elezeni kinachozuia. Kama chama chenu chenyewe ndicho kinacholisha pale, semeni hivyo. Ng'ombe wana haki ya kula na mgeni ana haki ya kujua.

Mgeni atauliza "huchukua miaka mingapi?" Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, uliokusanya takwimu za maeneo 77 ya misitu ya kitropiki ya Amerika na Afrika Magharibi, ulikuta kwamba katika ardhi iliyoachwa, udongo hurudi katika hali yake kwa chini ya miaka 10, umbo la msitu na wingi wa aina za mimea huchukua miaka 25 hadi 60, lakini uzito wote wa miti na mchanganyiko ule ule wa aina za zamani huhitaji zaidi ya miaka 120. Kakamega haikuwa miongoni mwa maeneo hayo, basi tumieni takwimu hizi kama makadirio. Umbali kutoka msitu mkongwe hubadilisha mambo sana, maana mbegu lazima zitoke mahali.

4. Tandazeni njia

Kilomita mbili zinatosha, na iwe mzunguko ili watu wasikutane wakirudi. Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu wa mfinyanzi huteleza vibaya. Kwa hiyo njia isishuke moja kwa moja kwenye mteremko. Iukate kwa ubavu. Penye mteremko mkali, lazeni gogo kwa mshazari njiani, likiwa limezikwa nusu, ili maji yatoke pembeni kabla hayajachimba mtaro. Magogo yatoke kwenye miti iliyoanguka yenyewe, na kwa idhini.

Upana wa mita moja unatosha. Fyekeni kwa slasha, msichimbe kwa jembe. Mizizi na majani makavu ndiyo zulia linalozuia mmomonyoko. Fanyeni kazi hiyo Desemba hadi Februari, wakati mvua zimepungua.

5. Wekeni kumbukumbu ambayo mgeni ataongezea

Katika kila kituo simikeni kigingi kimoja imara chenye mshale wa rangi. Mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule, weka simu juu ya kigingi, ielekeze kwenye mshale, piga picha. Baada ya miaka michache albamu hiyo itakuwa na thamani kuliko vibao vyote.

Kwa vituo vitatu vya umri tofauti, pimeni kiwanja cha mita 10 kwa 10 kwa kamba. Hesabuni miti na mzunguke shina la kila mti kwa tepu ya fundi cherehani kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Gawanya mzunguko huo kwa 3.14 upate kipenyo; mzunguko wa sentimita 31.4 ni kipenyo cha sentimita 10. Wanafunzi wa sekondari hufanya hivi vizuri, na hesabu hutoka ubaoni ikapata miguu. Miche midogo hesabuni kando, katika miraba ya mita moja kwa moja, bila kuikanyaga.

6. Namba badala ya vibao

Mabati yenye maandishi huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mbao nyepesi huliwa na mchwa. Bora nguzo fupi za saruji zenye namba tu, na maelezo yawe kwenye kijitabu ambacho mgeni hupewa langoni na kukirudisha. Kijitabu ni rahisi kusahihisha kila mwaka, na kinaweza kuwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Majina ya miti yaandikeni kama yanavyotamkwa hapo mlipo. Isukha na Kabras hawaiti kila mti jina moja. Kamwe msigongelee msumari kwenye mti ulio hai.

Kila namba ijibu maswali matatu kwa sentensi fupi: nini kilitokea hapa, lini, na mgeni atazame nini sasa hivi.

7. Waongozaji na usalama

Matembezi yaanze asubuhi, kwa sababu mvua ya radi hupenda kuja alasiri. Watu wasizidi kumi kwa mwongozaji mmoja. Gambuti au viatu vya kufunga, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Nyoka wapo, wakiwemo wenye sumu kali. Mwongozaji atangulie na fimbo, na mtu asiweke mkono juu ya gogo asiloliona upande wa pili. Nyani wasilishwe chochote.

Viatu vipigwe brashi kabla ya kuingia. Mbegu za magugu husafiri kwenye matope, na njia yenyewe isipotunzwa itakuwa ndiyo jeraha jipya mnalolionyesha.

Mwongozaji alipwe kila anapotoka, hata kama kundi ni la shule ya jirani. Mkono mtupu haulambwi. Anayefanya kwa kujitolea tu hatakuwepo msimu wa pili.

8. Mti ukianguka juu ya njia

Utaanguka. Toeni taarifa kituo cha msitu kwanza. Mkiruhusiwa, kateni kipande cha upana wa njia pekee, mkiache hapo hapo kando, na mengine yote yabaki yanavyolala, matawi pamoja na mizizi. Mti uliokauka ukiwa bado umesimama uacheni pia, isipokuwa ukielekea pale watu wanaposimama kusikiliza. Andikeni tarehe ya kuanguka kwenye kijitabu, simikeni kigingi cha picha siku hiyo hiyo kabla kitu chochote hakijachipua, na pengo hilo lichukue namba 1.